Waya za Shemasi Modeste

Pepo wa benchi la katikati hakuwa pepo, na Eliane alilisema hilo kanisani, mbele ya watu waliofunga kula ili kumfukuza.

Kanisa lilikuwa Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kuta za udongo na bati juu. Upepo ulikuwa umeangusha spika zote mbili, na Shemasi Modeste, fundi aliyejifundisha mwenyewe, akazirudisha, moja kulia kwa madhabahu na moja kushoto. Tangu siku hiyo aliyekaa pembeni alisikia kwaya vizuri. Aliyekaa katikati alipata sauti nyembamba, kama redio iliyofunikwa na sufuria. Ngoma na besi zilikuwa zimetoweka. Na katikati ndiko walikokaa akina mama wa maombi.

"Kuna kitu kinakula ngoma fasi hii, hapa katikati," alisema Mama Pélagie, kiongozi wao. "Tuombe."

Eliane alikuwa na diploma ya kompyuta aliyoichukua Mbarara, na ulimi usiojua kungoja zamu. "Mama, hakuna pepo. Papa Modeste aligeuza waya za spika moja. Moja ikisukuma hewa, ingine inaivuta. Zikikutana katikati zinauana."

"Unasema nilikosa mbele ya Mungu?" aliuliza Modeste.

"Mungu alisikia vizuri, Papa. Yeye alikaa pembeni."

Kanisa zima lilicheka, na Modeste akanuna mpaka Jumapili iliyofuata. Lakini alipopanda ngazi kurekebisha waya, Eliane alimshika mguu wa suruali. "Ziache kwanza. Nazihitaji."

Alizihitaji kwa darasa lake. Chini ya bati hilohilo aliwafundisha vijana wa makazi kompyuta bila kompyuta, kwa chaki na ubao, na alikuwa amefika kwenye kompyuta za kwanta. Hapo alikwama. Angemwonyeshaje mtu kwamba uwezekano wa jibu unaweza kuwa na upande wa juu na upande wa chini, na kwamba pande hizo zikikutana zinafutana? Sasa alikuwa na benchi la kumkalisha mtu asikie kwa masikio yake.

Habari zilimfikia Kezironi, mkurugenzi wa kituo cha mafunzo huko Kakiika, mjini Mbarara. Kituo kilikuwa na kompyuta na umeme wa uhakika. Kezironi alimwahidi jambo moja: aonyeshe somo lake siku ya wageni, na likipendeza, vijana wa Nakivale watapata chumba cha kompyuta kila Jumamosi, usafiri juu ya kituo.

"Ila utafundisha kwa Kiingereza," alisema.

"Nimesikia," alijibu Eliane. Kezironi alidhani amekubali.

Siku ya wageni Eliane na watu wa Kashojwa walifika na spika zimefungwa kwa vitenge. Modeste alivaa suti, akaziunganisha kwa mikono yake, safari hii akigeuza waya kwa makusudi, huku akinung'unika kwamba kosa lake sasa linatembezwa mjini kama bibi harusi. Déo, kijana mkimya kuliko wote darasani, aliingia chumba cha kompyuta bila kuambiwa, akaweka vidole juu ya kibodi, wala hakubonyeza kitu. Eliane alimwona, akazidi kukitamani chumba kile kwa ajili yake.

Ukumbini, wageni wa heshima walikaa mbele, katikati kabisa, kama desturi. Nyuma yao ukutani lilitundikwa bango la Kiingereza lililosema kwamba kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa mara moja. Kezironi alilisoma kwa sauti, akalisifu, akampisha Eliane.

Eliane aliwatazama watu wake waliojipanga nyuma. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili.

Minong'ono ilianza. Mbarara si mji wa kuhutubia wageni kwa Kiswahili. Kwa wengi ni lugha ya askari, ya kuamrishwa na kukamatwa.

"Endelea, nyabo, dada yangu!" ilipaa sauti ya Stellah, mwanafunzi wa kituo hicho, aliyezaliwa na kukulia kambi ya jeshi. "Sisi watoto ya baraki tunasikia! Hawa wengine pia wanasikia, wanajifanya tu!"

Eliane akawasha wimbo wa kwaya ya Kashojwa. Watu wa pembeni wakaanza kutikisa vichwa. Mgeni mkuu, Daktari Natukunda, mwalimu wa fizikia, alikunja uso: kwenye kiti chake cha heshima ngoma hazikuwepo.

"Sogea kidogo kuelekea spika ile, Daktari."

Natukunda akasogeza kiti. Ngoma zikarudi. Akakirudisha, zikafa. Akacheka peke yake kama mtoto.

"Bango lile linadanganya," alisema Eliane. Kezironi akainua kichwa ghafla. "Weka majibu yote pamoja ndani ya mashine, kisha uangalie: utapata moja tu, lolote, kama mtu anayeokota mawe gizani. Kazi yote iko katikati, kabla ya kuangalia. Huko inabidi majibu mabaya yauane kama hizi sauti, na jibu zuri lipandishwe."

"Mnalipandishaje?" aliuliza Natukunda kwa Kiingereza.

Eliane akaita wanne mbele, Stellah na Déo wakiwemo. Kila mmoja alikuwa jibu moja, na kiuno kilikuwa sifuri. "Mikono kifuani. Wote sawa, hatujui lolote. Sasa mashine inalitambua jibu la kweli, kama kufuli inavyoujua ufunguo wake, inaligeuza waya. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na shemasi wetu aliivumbua bila kukusudia." Nyuma, Modeste alijikohoza. Déo akashusha mkono pajani: chini ya kiuno kwa kadiri ileile ambayo wenzake walikuwa juu.

"Hapo basi si mnaangalia?" alisema Natukunda.

"Hapana. Kipimo hakijali juu wala chini, kinajali umbali kutoka kiunoni. Wote bado wako sawa. Ndiyo maana kuna hatua ya pili. Tafuteni wastani wenu."

Wanne wakanong'onezana, wakauonyesha: nusu ya njia kutoka kiunoni hadi kifuani, maana Déo alikuwa amewavuta wote chini.

"Ufanyeni kioo. Aliye juu yake aende chini kwa kadiri hiyohiyo, aliye chini apande."

Mikono mitatu ikashuka mpaka kiunoni, sifuri. Mkono wa Déo ukapaa mpaka juu ya utosi.

"Ukiangalia sasa, ni Déo tu. Majibu yakiwa mengi unarudia hatua hizo mbili, lakini usipitilize, maana ukizidisha jibu linaanza kushuka tena."

Mama Pélagie alipiga vigelegele. Natukunda alikuwa amekwisha kusimama, akijaribu mikono yake mwenyewe.

Baada ya makofi Kezironi alimwita Eliane barazani. Mlango wa ukumbi ulibaki wazi.

"Somo lilikuwa zuri," alisema kwa Kiingereza. "Lakini umeniaibisha kwenye bango langu, na umewasemesha wageni wangu lugha ya askari. Ingia ndani uombe radhi. Maneno machache tu, kisha chumba ni chenu."

"Bango nimelisahihisha. Na lugha ni yangu."

Kezironi akajibu kwa Kiswahili, kikavu, bila kusitasita. "Mimi najua hiyo lugha. Nilijifunza siku moja. Nilikuwa mtoto, askari wanapiga mzee wangu barabarani, kwa rodibloko. 'Lala chini, panya.' Mzee hakujua 'lala chini' ni nini. Ndiyo walizidi kumpiga. Wewe unanifundisha nini?"

Eliane hakuwa amelitarajia hilo. Kupitia dirisha la chumba cha kompyuta alimwona Déo amerudi kwenye kibodi, na safari hii alikuwa anabonyeza. Maneno machache tu. Angeweza kuyasema akitazama sakafu, na Jumamosi wote wangekaa pale.

Lakini wale wanne walikuwa wameinua mikono kwa Kiswahili, na Déo alipaa kwa Kiswahili. Akiomba radhi, atakuwa amewaambia kwamba walichokielewa ni uchafu wa kufutwa sakafuni.

Modeste alitokea na spika begani. "Binti yangu, nizifungue tubaki, ama nizifunge turudi nyumbani?"

"Funga, Papa." Akamgeukia Kezironi. "Mzee wako alipigwa na watu, na watu hao walikuwa na majina. Lugha hiyohiyo mama yangu alinibembelezea, na leo imebeba hesabu ambazo bango lako limeshindwa kuzibeba. Kwa mzee wako nakupa pole, na naitoa moyoni."

"Na samahani?"

"Samahani sina. Usiingoje."