Chenga za Kuwapoza Ndege

Mwezi wa tano, mpunga ukianza kuinamisha vichwa, bonde la Kilombero halina haraka. Ukungu unashuka kutoka milima ya Udzungwa, unajilaza juu ya mashamba kama mgeni aliyechoka safari, na madungu, vile vibanda vya juu vya kulindia mpunga, yanabaki yakielea juu yake, moja hapa, moja kule, kama vile ardhi imeondoka na kuwasahau watu hewani. Katika dungu mojawapo alikaa Levina, mama wa miaka arobaini na mmoja. Mkono mmoja ulishika kamba. Mwingine ulishika kitambaa kibichi, amekibandika shavuni.

Kamba ile ilikwenda mbali. Ilitoka dunguni ikaruka kutoka mti hadi mti mpaka mwisho wa shamba, na kila baada ya hatua chache limefungwa kopo kuukuu lenye vijiwe ndani. Kwelea wakitua, wale ndege wadogo wanaokwenda kwa maelfu, unavuta. Makopo yanapayuka shamba zima, ndege wanapaa kama moshi. Hiyo ndiyo kazi ya kuamia, toka alfajiri mpaka jua lizame, na ukisinzia umekula njaa ya mwaka mzima.

Kitambaa kilikuwa na habari yake.

"Bado unawaka?" aliuliza mama mkwe wake, Bibi Stefania, bila kugeuka. Alikuwa anapoza chai, anaimimina kikombe hiki kwenda kile, kile kuja hiki, kwa subira ya mtu asiye na pa kwenda.

"Unawaka, mama. Kama mtu kanipaka pilipili."

"Usiguse."

"Sijagusa."

"Nimekusikia ukigusa."

Levina akacheka, na kucheka kukamuuma.

Uso huo ulikuwa umeanza vituko miaka mitatu nyuma. Levina alikaanga vitumbua pale Lipangalala, Ifakara, kila asubuhi kainamia moto, na mwanzo lilikuwa joto tu, linakuja linaondoka, kama mtu aliyeona haya. Halafu likaacha kuondoka. Mashavu na pua vikaiva wekundu mzito chini ya weusi wake, na juu yake vikaota vipele, vipele hasa, vya msichana wa darasa la saba.

"Mama Angelina, chunusi uzeeni?" wateja walimtania. "Umeanza kuvunja ungo upya?"

Hilo la chunusi alilimeza. La jirani yake Brigitha halikumezeka. Brigitha alisema, tena kwenye jumuiya, kwa sauti ile ya kuhurumia, kwamba tumwombee mwenzetu, maana uso wa namna ile unajulikana, ni wa watu wa kilabuni. Levina ambaye pombe alikuwa hajui hata inavyonukia asubuhi!

Alijaribu limao. Akajaribu dawa ya meno. Akajisugua kwa pumba laini za mpunga mpaka ngozi ikatoa maji. Mwisho akanunua krimu, kikopo cha bati chenye kifuniko cha dhahabu, na hapo, wewe acha tu. Siku tatu, uso ukawa kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alijitazama kioo akajisalimia.

Lakini akiiacha siku mbili, uso unarudi na hasira maradufu. Anapaka tena, unatulia. Anaacha, unarudi. Ikawa asubuhi na jioni, miaka miwili, ngozi imekuwa nyembamba hadi upepo wa baiskeli unaichoma.

Daktari wa ngozi aliyemwona mwezi wa nne alikuwa binti mdogo tu, miwani mikubwa, sauti ya chini.

"Mama, una magonjwa mawili," alisema. "Moja ni lako, linaitwa rosasia. Hilo ni kama jirani mkorofi, hahami, ila ukijua asichokipenda mtaishi. Hapendi jua kali, hapendi moto usoni, chai ya moto, pilipili, kusuguliwa. La pili umelinunua dukani."

Akampa vidonge vya wiki sita na dawa ya kupaka, akamwambia anawe kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na harufu, avae kofia, avumilie. "Ukiiacha hiyo krimu uso utachacha kwanza. Utatamani kurudi. Usirudi."

"Utachacha mpaka lini?"

"Wengine wiki, wengine miezi."

Na hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Mwezi wa saba, baada ya mavuno, ilikuwa sendofu ya Angelina, binti yake wa pekee, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Mama wa binti ndiye anayeitwa mbele, anasimama na mwanawe chini ya taa, analishwa keki, anapigwa picha ambazo wajukuu watakuja kuzitazama. Levina alikuwa amekwepa kamera miaka mitatu. Kwenye kipaimara cha mpwa wake picha zote zilimwonyesha khanga tu, mtu hayumo.

"Atasimama mama yako mdogo Merina," alimwambia Angelina. "Uso wake mzuri, hautakuharibia."

"Mama, sina picha yako hata moja tangu nimalize shule," alisema Angelina. "Nikienda kwa watu nitasema nimezaliwa na mama mdogo?"

Levina akafunga virago, akaja shambani na mama mkwe wake, mahali ambapo wa kumtazama ni ndege.

Wiki za kwanza zilikuwa kama homa. Uso ulivimba, ukamenyeka, ukatoka vipele juu ya vipele. Alilala mchana dunguni jua likiwa kali, mkono kwenye kamba, na katika usingizi ule mwepesi aliota anaelea. Aliota maji ya mashamba yamepanda taratibu mpaka sakafu ya dungu, samaki wanapita wakimgusa mashavu kwa midomo ya baridi, pelege na kitoga, kila mmoja akiondoka na kipele kimoja kama punje. Akiamka, ni kitambaa kimekauka na Bibi Stefania anakilowesha tena.

Mzee yule alimtunza bila kelele. Chai ilipozwa. Pilipili ilitoweka kwenye mboga bila maelezo. Asubuhi moja Levina alikuta kile kioo chake kidogo, ambacho alikuwa akikitazama mara arobaini kwa siku, kimefungwa kwenye kamba katikati ya shamba, kinageukageuka na kurusha miale.

"Mama, kioo changu!"

"Kinafanya kazi. Huku kilikuwa kinakaa tu."

Na mchana mrefu ulipokosa maneno, Bibi Stefania alirudia hadithi ambayo ukoo mzima ulikuwa unaijua.

"Unaikumbuka pembe ile ya mkuyu?"

"Mama, naomba."

"Bibi harusi wangu mpya, ndiyo kwanza kaletwa. Nimemwachia shamba siku moja. Siku moja tu! Kachoka kuvuta kamba, kafikiri. Akili nyingi huyu. Kachukua chenga za mchele debe zima, kaenda kuwamwagia ndege kule pembeni, ili wale washibe, wauache mpunga."

"Walitulia," Levina alijitetea, kama anavyojitetea miaka ishirini na mbili sasa. "Siku ile walitulia kabisa. Nililala."

"Ulilala! Kesho yake wakaja na wajomba. Keshokutwa ukoo wao wote toka Uchindile huko. Tulivuna majani." Bibi Stefania alijifuta macho kwa kicheko. "Mfadhili wa kwelea!"

Wiki ya sita uso ulianza kupoa. Si kupona, kupoa. Kulikuwa na asubuhi alizoamka akasahau kwamba ana mashavu. Wekundu ulikuwepo, vipele vilikuwepo kidevuni na kando ya pua, ila ule moto ulikuwa unapiga hodi kabla ya kuingia.

Jumamosi hiyo Angelina alikuja, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mke mwenzangu," alijibu Bibi Stefania. "Umeniletea tumbaku au umeleta uzuri wako tu?"

"Nimeleta mchele, sukari, na zawadi ya mama."

Alipanda ngazi ya dungu, akamtazama mama yake usoni. Akatazama haraka pembeni. Haraka ile Levina aliiona. Kisha binti akamwekea kitu kiganjani, akamfunga vidole juu yake kwa mikono yake miwili. Kikopo cha bati. Kifuniko cha dhahabu.

"Ile ile unayoipenda," Angelina alisema. "Nimezunguka Ifakara nzima kuitafuta. Siku zimebaki chache, mama. Ukianza leo, siku ile utakuwa kama zamani. Utasimama na mimi."

Mtoto wa watu hakujua daktari alisema nini. Alijua tu mama yake alipendeza wakati ule, na sasa hapendezi, na anamtaka. Levina akasema ahsante. Bibi Stefania alitazama kikopo, akamtazama mkwewe, akashuka ngazi.

"Mke mwenzangu, twende tukachume mboga. Mama yako abaki na ndege wake."

Wakaondoka. Jua lilikuwa limeegemea, ukungu mwepesi wa jioni umeanza kuzaliwa juu ya maji, na shamba lote lilikuwa na rangi ya asali. Levina alifungua kifuniko. Harufu ikamjia, tamu, ya waridi la uongo, na pamoja nayo ikaja miaka yake yote ya kioo. Siku tatu tu. Alichota kidogo kwa ncha ya kidole. Ilikuwa baridi. Shavu lake lenyewe likaisogelea, ni kama lilikuwa na kiu.

Ndipo akawaona.

Walishuka kule pembe ya mkuyu bila sauti, wingu dogo likijikunja na kujikunjua, wakatua juu ya mashuke. Mkono wa kamba ulikuwa umeshika kikopo. Akabaki anatazama. Shamba likawa kimya, kimya kizuri, kile kile cha siku ya chenga, alipolala hapa hapa akiwa na miaka kumi na tisa na kujiona ndiye wa kwanza duniani kugundua njia ya kufanya amani na ndege. Aliisikia tena ile raha ya kuachwa apumzike. Akasikia pia asubuhi yake: anga limefungwa, mabawa, na mama mkwe kasimama matopeni.

Siku ile walitulia kabisa, alikuwa anasema. Miaka ishirini na mbili alikuwa anasema, na haikuwa uongo. Walitulia.

Kidole kilikuwa bado hewani.

Levina akakifuta kwenye nguzo ya dungu. Akakifuta tena, akakishusha kwenye ndoo ya maji, akashika kamba kwa mikono miwili akaivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Makopo yakapayuka, kioo kikarusha jua, na ndege wakapaa wote kwa pamoja, wakageuka juu ya mkuyu, wakaenda zao.

Angelina aliporudi na mboga alimkuta mama yake amechutama chini ya dungu, anafukia kitu kwa jembe. Kikopo kilikuwa pembeni, kimeoshwa, kinang'aa, na ndani yake vijiwe vitano.

"Mama! Umeimwaga?"

"Nimeimwaga, mwanangu."

"Kumbe hutaki kusimama na mimi."

"Nitasimama."

"Na uso h..." Angelina akajiziba mdomo.

"Na huu huu," Levina alisema. "Nimeutafuta mwingine miaka mitatu, sijaupata. Daktari kasema huu hautahama, na mimi nimechoka kumlisha jirani ili anyamaze. Siku ile utanikuta nimeiva kidogo. Ukiona haya, sema sasa, nimwite Merina."

Angelina alikuwa analia kimya kimya, mboga zimemwangukia miguuni. Akatikisa kichwa. Hakuona haya.

"Basi lete kamba," alisema Bibi Stefania, "tukifunge hicho kikopo kabla hamjaoga machozi. Kina kifuniko kizuri, ndege watadhani ni askofu."

Mwezi wa saba mpunga ulikuwa ndani ya magunia. Ukumbi ulikuwa na taa nyingi, na joto la watu. Levina alikuwa amenawa kwa maji ya kawaida, akapaka dawa yake, hakupaka kitu kingine. Alipoitwa mbele alihisi moto ukipiga hodi, ukaingia, ukakaa. Alipopita meza ya majirani Brigitha akamvuta khanga.

"Mama Angelina, hata soda hazijafunguliwa, wewe umeshaiva!"

Meza ikacheka. Levina akasimama.

"Ni ngozi, dada Brigitha," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitumbua. "Inaona haya upesi. Mimi mwenyewe huwa nachelewa."

Sasa meza ikacheka vizuri zaidi, na mwenye kukosa pa kutazama hakuwa Levina.

Mbele, Angelina alimlisha kipande cha keki, akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, polepole, kama mtu anayepima chai kama imepoa. "Bado unawaka?" alinong'ona.

"Unawaka."

"Usiguse," alisema binti, na wote wawili wakacheka na keki midomoni.

Mpiga picha akasema watazame huku. Taa zikamulika, nyingi, nyeupe, zikashuka juu ya mashavu yake kwa maelfu, kama kwelea. Levina alihisi kamba ya dunguni kiganjani, ile ndefu, inayokwenda mbali hadi mwisho wa bonde. Akainua uso. Akavuta.