Vibao Viwili vya Kitengela

Kufikia siku ya kumi na moja, Evalyne Mwongeli alikuwa na hesabu kamili ya ugomvi wote uliotokea mbele ya kibao chake cha basi. Watu walikuwa wamegombana mara sabini na nne, na ngumi zilikuwa zimerushwa mara sita. Aliuandika ugomvi huo kwenye karatasi ileile ya kuhesabia magari, vijiti vinne na cha tano cha kuvikatiza, kwa sababu aliamini kwamba jambo lisilohesabiwa halijulikani.

Ilikuwa Septemba ya mwaka 2000. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa inang'oa kalavati kuukuu la kupitishia maji chini ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, na shimo lilikuwa limemeza nusu ya lami. Magari ya kwenda Kajiado yalipita upande wa pili wa shimo. Yale ya kwenda Nairobi yaligawanywa: mabasi na malori yabaki kwenye lami, magari madogo yashike leni ya murram, udongo wa changarawe, iliyotengenezwa kando na kupangiwa mapipa. Mwongeli, fundi sanifu wa miaka ishirini na saba, ndiye aliyechora mpango huo na kuuwekea vibao.

Kibao cha basi kilikuwa duara la buluu lenye picha nyeupe ya basi. Madereva wa matatu, zile Nissan za abiria kumi na wanne, walikitazama wakasema wao pia ni basi. Wa malori wakasema wao si basi, wakaingia kwenye murram na kuichimba mashimo. Kina mama waliona ni steji, wakasimama chini yake na vikapu vyao kungoja gari la Athi River. Siku ya nne Wahu, muuza chai, alihamishia jiko na birika papo hapo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuwashawishi abiria kwamba pale si steji.

Kwenye mdomo wa leni ya murram kulikuwa na kibao cha pili, pembetatu yenye ukingo mwekundu na picha ya ng'ombe. Hicho kilikuwa cha zamani. Kwa miaka mingi kiliwaonya madereva kwamba mifugo huvuka barabara. Shimo lilipochimbwa Mwongeli alikihamisha, na kwa kuwa hakupenda kazi ya ovyo, alikisimamisha kwenye mlingoti wenye kimo sawa na ule wa basi, mita mbili na robo, na umbali sawa kutoka ukingo wa lami. Kibao cha magari madogo kilikuwa bado hakijaletwa. Alidhani watu wangeelewa wenyewe.

Asubuhi hiyo, saa tatu, ugomvi wa sabini na tano ulikuwa umeanza. Njogu, mwenye pikapu ya kabichi, alikuwa amesimama kwenye mdomo wa murram akitukanana na dereva wa basi aliyemkwaruza kioo.

"Wewe kaa kwa leni yako! Hujui kusoma picha?"

"Picha gani?" dereva alijibu. "Hata wewe umebeba kabichi, si watu!"

Mwongeli alikuwa anakata kijiti chake aliposikia sauti za watu zikififia moja baada ya nyingine, kuanzia nyuma ya foleni. Akageuka kuelekea kusini.

Upeo wote wa barabara ulikuwa vumbi, na ndani ya vumbi hilo kulikuwa na pembe. Hazikuwa za ng'ombe kumi wala hamsini. Zilijaa bega zima la barabara, kutoka lami hadi kwenye waya wa ploti, na mwisho wake haukuonekana. Walikuja polepole bila kulia. Kilichosikika ni kwato tu, na kengele moja ya mti shingoni mwa jike aliyetangulia. Mbavu zao zilihesabika kwa mbali. Mbele yao alitembea mwanamume mrefu wa miaka kama arobaini, fimbo begani na shuka limefifia kwa vumbi. Hakuwa akiwachapa. Alipiga mluzi mmoja mfupi, na mamia ya wanyama yakapunguza mwendo kama kitu kimoja.

Mwongeli alikuwa amehesabu magari kwa miaka minne katika barabara tano. Hakuwahi kuona msafara wa urefu ule ukitii kitu kidogo namna ile.

Mwanamume alisimama mbele ya vibao viwili. Akatazama cha basi, akatazama cha ng'ombe. Kisha, bila wasiwasi wowote, akawaelekeza ng'ombe wake kwenye murram.

"Ati nini?" Njogu aliruka ndani ya pikapu, akaisogeza ikaziba mdomo wa leni. "Mzee! Hii ni ya magari! Rudisha hizo mifupa zako!"

Koplo Musila, askari wa trafiki aliyewekwa pale kuzuia ngumi, alifika mbio, kofia mkononi. "Jina lako nani?"

"Simel."

"Unatoka wapi na mifugo hii yote?"

"Bisil. Siku nne." Simel alionyesha kaskazini kwa fimbo. "Tunaenda mto, Athi. Maji ya mwisho walikunywa juzi."

"Hapa huwezi kupita. Geuza mpaka Isinya, utafute njia nyingine."

"Njia gani, afande? Zamani tulipita kila mahali. Sasa kila mahali ni waya." Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja saa. "Nikigeuza, watalala. Ng'ombe hawa wakilala hawaamki tena. Mto ni saa mbili kutoka hapa."

Musila akafungua daftari lake. "Nitakuandikia kesi. Mifugo kwenye leni isiyoruhusiwa, utajibu Kajiado. Na ng'ombe watashikwa mpaka kesi isikizwe." Akamgeukia Mwongeli. "Dada, wewe ndiye shahidi. Sema, kwa mpango wako hii leni ni ya nini?"

Mwongeli alikuwa na mchoro mkononi. Jibu liliandikwa pale kwa mwandiko wake mwenyewe: magari madogo. Maneno mawili, na mifugo ile ingegeuzwa.

Simel akamsalimu kwanza. "Takwenya."

"Iko," alijibu. Alikuwa amejifunza salamu hiyo ya Kimaasai kwa Wahu.

"Mama, mimi sikusoma shule. Lakini picha naona." Akainyoosha fimbo. "Hapa, basi. Hapa, ng'ombe. Nimekosea wapi?"

Njogu akacheka kwa nguvu. "Huyu anafikiri serikali imemwekea ng'ombe leni!"

Mwongeli hakucheka. Alikwenda akasimama mahali Simel aliposimama, akainua macho. Vibao viwili vya kimo kimoja, umbali mmoja, kila kimoja juu ya mdomo wa leni yake. Kwa siku kumi na moja alikuwa amevitazama kutoka upande wa shimo, akiwa na mchoro mkononi unaomwambia alichokusudia. Hakuwahi kuvitazama kama mtu asiye na mchoro. Akatafuta kibao chochote chenye picha ya gari dogo. Hakikuwapo. Unadhifu wake mwenyewe ndio uliovifanya vibao hivyo viseme jambo moja lililo wazi, na kati ya maelfu ya watu waliopita, ni mmoja tu aliyelisoma.

"Hakukosea," akasema.

"Dada, fikiria vizuri," Musila alisema kwa sauti ya chini, sasa kwa Kikamba, lugha yao wote wawili. "Ukisema hivyo, kosa ni lako. Bosi wako ataliona."

"Andika hivyo hivyo. Kibao kimesomwa sawa. Kimewekwa vibaya. Aliyekiweka ni mimi, na nitatia sahihi." Akaenda kwenye dirisha la pikapu. "Toa gari."

"Madam, mimi niko na kabichi! Ikifika saa sita soko imeisha!"

"Utapita baada ya wao. Wewe ndiye huna kibao hapa."

Watu wa kwenye basi wakaangua kicheko. "Kabichi, rudi nyuma!" mmoja akapaza sauti. Njogu akasonya, akarudisha pikapu nyuma huku akitaja mambo ambayo Mwongeli hakuyaandika.

Jike mwenye kengele akaingia kwenye murram.

Walipita wanne wanne kati ya mapipa na lami, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga mstari mweupe wa ukingo wa lami. Dereva wa basi alizima injini bila kuambiwa, kisha mwingine, na mwingine, hadi barabara nzima ikawa kimya kuliko ilivyowahi kuwa mchana. Wahu aliondoa birika jikoni na kusimama. Mwongeli alihesabu. Ilikuwa kazi yake, na pia lilikuwa jambo pekee la kuyashikilia macho yake yasipotee katika migongo ile. Ilichukua dakika kumi na tisa. Wa mwisho alipopita, Mwongeli alikuwa amefikisha mia nne na kumi na mmoja.

"Una ng'ombe wangapi?" alimuuliza Simel, apate kulinganisha.

"Hatuhesabu ng'ombe. Si vizuri."

"Sasa utajuaje kama wamefika wote?"

Simel aligeuka, akalitazama kundi lililokuwa limetandaa ng'ambo ya shimo, kaskazini, kichwa juu ya kichwa ndani ya vumbi. Alitazama kwa muda wa pumzi mbili.

"Amebaki mmoja," akasema. "Yule wa kijivu, pembe ya kushoto imevunjika. Ng'ombe wa mama yangu."

Mwongeli alitaka kumwambia kwamba haiwezekani. Badala yake alimfuata. Nyuma ya rundo la mchanga wa kalavati, mahali ambapo kutoka kituo chake cha kuhesabia hapakuonekana, jike wa kijivu alikuwa amelala, kidevu chini, macho wazi. Pembe ya kushoto ilikuwa kipande.

Simel alishika pembe nzima na kumwashiria Mwongeli aende nyuma. "Shika mkia, pale juu. Nikisema, vuta."

Aliweka karatasi chini, akaweka jiwe juu yake, akashika. Ndani ya ngozi hapakuwa na kitu ila mfupa na moto. Simel alisema neno la Kimaasai karibu na sikio la mnyama. Mwongeli akavuta. Mara ya kwanza hakuna kitu kilichosogea. Mara ya pili uzito wote ulipanda mikononi mwake, miguu ya nyuma ikatetemeka, ikasimama, kisha ya mbele. Ng'ombe akasimama hivyo kidogo kana kwamba anakumbuka. Halafu akatembea, peke yake, katikati ya leni ya murram, mbele ya mabasi yote, akiifuata kengele.

Simel alitazama tena ng'ambo. Safari hii pumzi moja ilitosha. Akainua fimbo kumuaga, akaenda.

Mwongeli aliokota karatasi. Kwanza aliandika taarifa ya kibao, mistari mitatu, akatia sahihi. Kisha akafika kwenye safu za hesabu. Hapakuwa na safu ya ng'ombe, akaichora kwa rula. Muda: dakika kumi na tisa. Waliovuka mstari: hakuna. Penye idadi akaandika 411, akaitazama, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: Wote.

Nyuma yake Njogu alianza kupiga honi.