Ikipoa Nnarudi

Jaku aliporudi Unguja kwa likizo, mwaka 1971, Biasha alimkaribisha barazani Kikwajuni, akamtilia kahawa, wala hakumuuliza habari za safari. Alijua kaja na neno kutoka kwa mumewe, na alilitaka neno hilo kuliko kitu chochote. Shangazi yake, Bi Mwanapili, alikaa kando, kwani mke wa mtu hapokei mwanamume peke yake. Tena Bi Mwanapili hakuwa mtu wa kukubali kupitwa.

Miaka mitano nyuma Muhiddin alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea mambo ya taa na vioo, na harufu ya udi wa arusi haijatoka chumbani. Barua za maana hakuandika. Na nani aliyeandika? Siku hizo mtu aliogopa bahasha yake isije ikafunguliwa njiani, watu wakazoea kutumiana maneno mdomoni, tena ya mafumbo, hata pasipokuwa na la kuficha. Kwa hiyo Jaku, aliyefanya kazi chumba kimoja na Muhiddin, alipokuja likizo ya kwanza alileta maneno machache tu: "Bado haijapoa. Ikipoa nnarudi."

Biasha hakuhitaji kufasiriwa. Ni hali ya nchi, bila shaka. Nani Unguja hakujua kilichokuwa cha moto? Maskini mume wangu anaogopa kurudi, akajisemea, na kwa werevu wake akamjibu: "Mwambie huku kushapoa zamani." Kisha akafua mapazia, akangoja. Kila ilipopigwa hodi alikimbilia mlangoni, na kila mara akakuta ni jirani anaomba chumvi. Usiku alilala ukingoni mwa kitanda, nafasi ya Muhiddin akaiacha wazi. Alimtamani, na hakuwa na wa kumwambia.

Sasa Jaku alikuwa anakizungusha kikombe bila kunywa.

"Shemeji, nimetumwa jambo zito. Muhiddin anasema hataki kukufunga. Ukitaka talaka, niambie mimi, naye atakupa."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanapili. "Kapata akili. Watu wanaomtaka mtoto huyu wapo."

Biasha aliumia hata akakasirika, na hasira ndiyo iliyompa sauti.

"Kwa nini asirudi? Mimi si nlimwambia kushapoa?"

"Ndilo hilo lililomvunja, shemeji. Nlipomfikishia, alikaa siku nyingi akiligeuza neno lako. Kasema mke wangu kanichoka, nyumba ishapoa."

"Nyumba? Mimi nlisema hali ya nchi. Yeye si ndiye aliyesema haijapoa?"

Jaku alimtazama, akamtazama na Bi Mwanapili, kama anayeomba msaada.

"Hali gani, shemeji? Muhiddin alikuwa anasema fimbo."

Ikabidi aeleze. Kule walikuwa wakitengeneza leza, taa ambayo nuru yake nyembamba hutoboa chuma. Nuru hiyo hukuzwa ndani ya fimbo ya kioo. Lakini ukiizidishia nguvu, fimbo hupata joto. Wao huipitishia maji ya baridi, na maji huipoza nje tu. Moyo wake hubaki na moto. Basi kioo huvutana chenyewe kwa chenyewe, nuru ikatanuka na kupoteza umbo. Na si hilo tu. Nuru ile ilitakiwa itikisike upande mmoja, kama kamba unayoitikisa juu na chini. Ikitoka kwenye fimbo yenye moto, baadhi yake imeshapinda, inatikisika kila upande, na nyingi yake inapotea bure. Muhiddin alipewa kazi ya kuiponya fimbo hiyo, na hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kuimaliza.

"Akaweza?" aliuliza Biasha.

"Kaweza. Kaweka fimbo mbili zilizo sawasawa, na katikati kijiwe kinachoigeuza nuru robo duara. Ilichokipinda ya kwanza, ya pili inakinyoosha. Sharti zote mbili ziwe na moto ule ule. Moja ikiwa ya moto na moja imepoa, hapana kitu." Jaku akashusha sauti. "Kamaliza mwaka jana, shemeji. Angeshakuwa hapa."

Bi Mwanapili alishika shavu. "Miaka yote hiyo," akasema, "kioo?"

Biasha alicheka, kisha akajikuta analia, akajifuta kwa ncha ya kanga. Mwaka mzima. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa huru, na yeye ndiye aliyemzuia kwa neno lake mwenyewe la mahaba.

"Nikamwambie nini?" aliuliza Jaku.

"Mafumbo sasa basi. Mwambie sitaki talaka. Nnamtaka yeye."

"Inshallah ntamwambia."

"Sema nisikie. Ulivyonipotezea ya kwanza inatosha."

"Hataki talaka, anakutaka..."

"Usiseme kama karani. Sema kama mimi, maneno yangu."

Jaku alimtupia jicho Bi Mwanapili, akaona haya, akainamia kikombe chake.

"Sitaki talaka," alisema polepole. "Nnakutaka wewe."

Biasha, ambaye tangu Muhiddin aondoke hakuyasikia maneno hayo katika sauti ya mwanamume, aligeukia ukutani, akamwomba ayaseme tena.