Kushoto Tupu

Kukata kushoto mara tatu ni sawa na kukata kulia mara moja. Hesabu hiyo niliigundua siku ya kwanza niliporudi kazini baada ya ajali, na kwa wiki tatu nzima ndiyo iliyoniendesha mjini.

Kazi yangu ni kubeba damu. Asubuhi napita zahanati tatu, nachukua sampuli za wagonjwa ndani ya kisanduku cha baridi, nakifunga nyuma ya pikipiki na kukipeleka maabara kuu. Kutoka zahanati ya mwisho, ile ya mlimani, hadi maabara ni dakika ishirini, ukikata kulia pale kwenye makutano ya kiwanda cha mikate. Pale ndipo nilipogongwa.

Au niseme ukweli: pale ndipo nilipojigongesha. Nilikuwa nimefungua kioo cha pembeni cha kulia na kukiacha nyumbani juu ya kabati, kama tunavyofanya wengi, ili nipenye kati ya magari bila kukwaruza mtu. Siku hiyo niliwasha indiketa na kukata papo hapo, bila kugeuza shingo. Pikapu ya mboga ilikuwa tayari ubavuni mwangu. Dereva wake ndiye aliyekuja kupiga magoti kando yangu kwenye lami, kabichi zake zikibingirika barabarani, akinipepea kwa kofia na kuniomba nisifumbe macho. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Miezi miwili mkono ulining'inia shingoni.

Niliporudi, pikipiki ilikuwa na vioo viwili vipya, na wenzangu wa kijiwe cha pikipiki pale ng'ambo ya makutano walinipokea kwa honi. Kipara, mkubwa wetu pale, anayedai nywele zake zilipeperushwa na mwendo, alinipiga bega lile zima akapaza sauti, “Huyu si mtu, huyu ni chuma!” Jina likanasa. Muuguzi wa zahanati naye akaanza kuniita Chuma. Mama yangu alilisimulia jina hilo kwa majirani kama vile amenizaa mara ya pili.

Chuma huyo alipofika kwenye makutano na kuwasha indiketa ya kulia, vidole vilimfa ganzi juu ya klachi. Niliisikia ile pikapu ubavuni hata barabara ilipokuwa nyeupe kabisa. Basi nikawa nanyoosha mbele, nakata kushoto, kushoto tena, na tena, nikizunguka soko na uwanja wa mpira kama mtu aliyedondosha funguo. Dakika ishirini zikawa hamsini. Maabara wakiniuliza, nilijibu, “Foleni.” Nani atamhoji chuma?

Jumanne moja nilikuwa ndio kwanza nimekabidhi kisanduku, simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa mlimani.

“Chuma, ile damu ya mtoto wameikataa. Si ilitakiwa ifike ndani ya saa moja? Imefika baada ya saa moja na robo.”

Kweli, kule sokoni lori lilikuwa limeziba njia likishusha magunia. Lakini pale kwenye kiwanda cha mikate hapakuwa na foleni yoyote. Nilikuwa nimepaona kwa macho yangu, peupe.

“Nimemwambia mama yake asiondoke,” muuguzi akaendelea. “Njoo uchukue nyingine.”

Nilipofika, mtoto alikuwa amepakatwa kwenye benchi la chumba cha sindano. Msichana wa miaka minne hivi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi mwa mama yake. Kwenye kiwiko cha kushoto alikuwa na kipande cha pamba cha asubuhi. Alipomwona muuguzi anavaa glavu alianza kulia kabla hajaguswa.

“Kwani ile ya kwanza imekuwaje?” mama yake aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

“Foleni, mama,” muuguzi akasema, akinitazama. “Si ndiyo, Chuma?”

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Nilitamani unimeze.

“Ndiyo,” nikasema.

Mshipa haukuonekana. Muuguzi alimchoma mkono wa kulia, akakosa. Akarudi kushoto, karibu na ile pamba, akakosa tena. Mtoto alipiga kelele hadi sauti ikakauka, ikabaki pumzi tu. Mama yake alimbana kifuani, akimwambia, “Imekwisha, imekwisha,” na haikuwa imekwisha. Mara ya tatu damu ikaja, nyeusi, polepole. Mtoto akanitazama mimi na kisanduku changu.

“Mama, huyu ndiye anayeinywa?”

Muuguzi akacheka. Mama naye akacheka kidogo, kwa uchovu. “Hapana, mwanangu. Kaka anaipeleka kwa daktari, upone.”

Nilichukua kichupa. Kilikuwa bado na joto la mwili wake.

Niliteremka mlima nikijiambia kwamba leo nitakata. Nilitazama kioo, nikageuza shingo, nikawasha indiketa mapema kama inavyotakiwa, nikasogea katikati ya barabara, nikasimama. Mbele palikuwa wazi. Nyuma gari moja likasubiri, likapiga honi mara moja, kwa adabu. Mkono haukuachia klachi. Honi ya pili haikuwa na adabu. 

Nikazima indiketa, nikanyoosha mbele hadi ng'ambo, nikaegesha kijiweni. Saa yangu ilionyesha zimekwisha dakika kumi na nane tangu damu itolewe, nyingi zikiwa za kujaza fomu zahanati. Nikipita sokoni, lori lipo. Mtoto angechomwa mara ya tano. Nikawa kama namwona akitazama kile kisanduku.

Kipara alikuwa anakula muhindi akiwa amekalia tanki la pikipiki yake.

“Vipi, Chuma, mbona unatoka jasho kama umebeba wewe pikipiki?”

“Kaka, nisaidie kupeleka hiki. Kina saa moja tu, na dakika kumi na nane zimeshakwenda.”

“Yako imekufa?”

“Pikipiki nzima.” Niliangalia chini. “Mimi ndiye siwezi. Siwezi kukata kulia. Tangu nirudi sijakata hata mara moja.”

Mmoja wa vijana akaangua kicheko. “Yaani wiki tatu? Kushoto tupu? Chuma gani hicho? Plastiki!”

“Nyamaza wewe,” Kipara akasema. Alikuwa ameacha kutafuna. Hakuniambia pole, wala hakunicheka. Alitupa gunzi, akakaza mkanda wa helmeti, akafunga kisanduku nyuma yake kwa mipira miwili. “Kifike kwa nani?”

“Maabara kuu, dirisha la mapokezi. Waambie ni cha mtoto.”

Akaondoka.

Kugeuza pikipiki kurudi mlimani nako ni kukata kulia. Niliiacha pale, nikapanda kwa miguu, kwa njia ya mkato.

Mama na mtoto walikuwa bado kwenye benchi, mtoto amelala. Nilisimama mbele yao, helmeti mkononi.

“Dada, asubuhi hapakuwa na foleni. Nilipata ajali zamani kidogo, na sasa naogopa kona moja. Nikazunguka mji. Ndiyo maana mtoto amechomwa tena.”

Alinitazama. “Na hapa nilipouliza, ulisema ndiyo.”

“Nilisema ndiyo.”

“Kuogopa, mtu huogopa,” akasema. “Lakini ulisimama pale mlangoni ukamwangalia anavyolia.” Akamfunika mtoto mikono yote miwili kwa khanga.  Muuguzi, aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni, alijifanya anapanga glavu.

Simu ya Kipara ilipoingia nilikuwa bado nimesimama. Dakika arobaini na moja. Wameipokea. Nilimwambia mama yule, akafumba macho, akashusha pumzi. Kisha akanigeuzia bega.

Siku ile ile nilimweleza msimamizi wangu wa kazi. Alimpa Kipara kibarua cha kubeba sampuli za mlimani mpaka yeye Kipara mwenyewe atakaposema nimeweza. Nyumbani nilimwambia mama yangu asiniite tena lile jina mbele ya majirani. Alitaka kujua kwa nini, nikamwambia yote, naye akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, tulikwenda kujaribu pale makutano; Kipara alinifuata nyuma, katikati ya barabara, akinikinga. “Usiangalie lami!” alipiga kelele. “Angalia unakokwenda! Pikipiki inafuata macho!” Mara ya kwanza injini ilizimika. Mara ya pili nilikata nikiwa nimebana pumzi, nikaipanua kona hadi nikakaribia ukingo wa pili. Vijana wa kijiweni walipiga makofi ya kunisuta. Mara ya sita nilipumua hadi mwisho wa kona.

Kipara akaja sambamba nami, akafungua kioo cha helmeti. “Umechoka?”

Woga ulikuwa haujaisha, na nilijua anauona. Sikuuficha.

“Turudie,” nikasema. “Ila safari hii usinikinge. Kaa pale kando uniangalie.”