Kanzu Nyeupe ya Bibi Hafia

Gazeti lilifika Jumamosi, siku ya kusomewa. Sisi wanawake tulikuwa tumeketi katika Nyumba ya Kusomea tukichambua maharage, kwa sababu kijijini kwetu mwanamke hasikilizi kitu mikono mitupu. Yavdokha, jirani yangu, ndiye msomaji. Alifungua bahasha, akatazama picha ya mbele, akanyamaza. Na Yavdokha kunyamaza ni habari yenyewe, maana huyo hata usingizini anaongea.

Nikamnyang'anya gazeti. Kwenye picha alikuwa Mwalimu Ksenia, mhariri wetu, amesimama jukwaani mjini Lviv, mkono mmoja mezani, kidevu juu. Na mwilini amevaa kanzu ya mama mkwe wangu. Mikono ile ya nguo ningeijua hata gizani, kitani cheupe kilichotariziwa kwa uzi mweupe. Ilikuwa kanzu yake ya kaburini.

Ngoja niseme vizuri, maana hasira hunitangulia mdomoni. Mwalimu Ksenia Zalozetska hakuwa mtu wa kuchezewa. Alifundisha shule ya serikali mpaka Wapolandi, watawala wetu wakati huo, walipomfukuza kwa kosa la kuwafundisha watoto wetu kwa lugha yetu. Wengine wangelia wakaolewa. Yeye akaanzisha gazeti la wanawake wa vijijini, lenye mambo ya kuku, ya kulea, ya kutotia dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Kila kiangazi alizunguka vijiji kwa miguu kufundisha kusoma. Mama mkwe wangu, Bibi Hafia, naye alifundishwa na Mwalimu katika umri ambao wenzake wanasahau majina ya wajukuu. Neno la kwanza alilosoma bila msaada lilikuwa kwenye chupa ya mume wangu, aliyokuwa akisema ni dawa ya mgongo. Siku hiyo nyumbani hapakukalika.

Basi majira ya kupanda Mwalimu alikuja, akasema mjini kuna maonyesho, na mabwana wanaosema sisi hatuna lolote ila matope lazima waone kazi za mikono yetu. Akaomba kila mmoja atoe kilicho bora. Mama, yaani huyo mkwe wangu, akaenda kwenye sanduku, akachimbua hadi chini, akatoka na ile kanzu nyeupe. Nilimvuta kiwiko. Akaniambia mbele za watu, "Mwalimu ameomba kilicho bora. Sasa wewe unataka nimpe cha pili?" Sharti lake lilikuwa moja tu, irudi kabla ya sikukuu ya Mama wa Mungu, majani yanapopukutika. Mwalimu akaahidi.

Hakuna aliyemwambia ni ya nini. Nani angesema? Kanzu ya mjane mzee, haina hata doa la rangi, imetoka chini ya sanduku pamoja na mshumaa na kilemba chake, hata mtoto anajua. Mambo hayo hayatajwi, usije ukayaita. Mwanamke hujishonea mwenyewe macho yakiwa bado yanaona, kisha hakuna aliye hai anayeivaa, hata kwa kujaribu. Mwili wenye joto ukishaingia, basi, hiyo ni nguo kama nguo nyingine. Na ukienda huko kwa waliotangulia na kitu ambacho mkono wako haukukishona, mama yako atakutambuaje? Mwalimu alikuwa ameyaandika haya gazetini kwa kalamu yake mwenyewe. Tukasema, anajua.

Tangu mavuno Mama alikuwa hashuki kitandani kwake, pale juu ya tanuri penye joto. Kifua kilikuwa kimebana na macho yameingia ukungu. Kushona nyingine hakuweza tena. Kila siku alihesabu, si siku za kuishi, bali siku zilizobaki kanzu irudi. Kwa hiyo Jumamosi ile niliingiza gazeti ndani ya aproni, tukakubaliana wote kwamba halikufika.

Lakini mtu akishajua kusoma ni shida. Aliuliza gazeti liko wapi, nikasema posta imechelewa. Akasema posta haijawahi kuchelewa tangu amzike mumewe, na kwamba aproni yangu inalia kama karatasi. Nikampa, nifanye nini? Akaliinua mpaka likagusa pua, akaligeuzia dirisha. Alikaa nalo muda mrefu. Kisha akalilaza kifuani, akageukia ukutani.

"Paraska," akaniambia, "wamenivua nguo mbele za watu."

Aliona haya yeye, mzee wa watu, haya ambayo haikuwa yake. Akiletewa supu anaficha uso kwa shuka. Mimi huku jikoni nikapanga maneno ya kumwambia Mwalimu. Niliyapanga vizuri. Nilijua atasema hakujua, nami nikaweka jibu la hilo, lenye pilipili.

Alikuja kabla ya sikukuu kama alivyoahidi. Amebeba kanzu imefuliwa, imepigwa pasi, imefungwa kwenye karatasi laini, na juu yake cheti chenye muhuri, maana kazi ya Mama ilikuwa imeshinda. Uso umejaa furaha, anataka kupita. Nikasimama mlangoni.

"Mwalimu," nikamwambia, "umevaa sanda ya mtu aliye hai."

Nikangoja aseme hakujua.

"Nilijua," akasema.

Akaketi pale pale kizingitini, mahali ambapo mtu mwenye akili haketi, kile cheti kikaangukia kuku. Akanieleza bila kuniangalia. Alijua tangu alipoikunjua, kwa tone la nta lililokuwa kwenye pindo. Lakini jioni ile ukumbi ulijaa, mabibi wakubwa wamevaa kanzu za rangi walizoazima, naye ndiye msemaji na hana cha kuvaa. Akajiambia ni saa moja tu, ataifua, hakuna atakayejua. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo.

"Nilijiona mzuri, dada Paraska. Na ile picha niliichagua mwenyewe. Zilikuwepo nyingine." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilijiambia mila hizi zimekwisha kufa, kwa sababu nimeshaziandika."

Ningempiga lau angejitetea. Badala yake nilipisha mlango, nikamwambia hayo akamwambie mwenyewe aliyeko juu ya tanuri.

Akaenda akapiga magoti. Alimwambia yote, hata la kioo. Mama hakugeuka. Akauliza, akiwa bado ameelekea ukuta, kama Mwalimu naye alikuwa na mama. Akajibu alikuwa naye. Mama akauliza alizikwa amevaa nini.

Nilikuwa nachochea moto, nikaacha. Mwalimu aliinama hadi paji la uso likagusa tofali la tanuri, akasema kwa sauti ndogo. Mama yake alikuwa mfua nguo, mtu wa kijiji cha kando ya mto Dnister, na ndiye aliyemsomesha kwa maji machafu ya nguo za watu. Alipozeeka, Mwalimu akamchukua mjini. Wageni walipokuja, walimu wenzake na wahariri, aliwaambia yule mzee ni mpishi. Mzee akasikia, akaenda zake jikoni, na tangu siku hiyo wageni wakija alivaa aproni bila kuambiwa. Alipofariki, kanzu yake ilikuwa kwenye sanduku, imetariziwa mabegani kwa nyekundu na nyeusi kama wafanyavyo kwao. Mwalimu akamvika gauni la dukani lenye kola ya lesi, kwa sababu wenzake watakuja kuaga. Kanzu akaifungia kabatini. Hakuwahi kuitoa wala kuitupa.

Mwanamke huyo huyo alikuwa ametufundisha tusionee haya lugha yetu. Nilitaka kumcheka na sikuweza. Uso ulikuwa unaniwaka mimi, kama ni mimi niliyesema mpishi.

Mama akageuka. Alimtazama kwa yale macho ya ukungu.

"Ilete hiyo ya kabatini," akasema. "Nitaivaa mimi. Nikimkuta mama yako, nitaivua nimpe."

"Na wewe Bibi, watakutambuaje huko?"

"Mimi nina mdomo, nitajitambulisha." Akakohoa, tukamwinua, akapumua. "Hii nyeupe kaa nayo, ulishaipasha joto. Ikunje, iweke chini kabisa, usiivae tena mpaka siku yako. Ila mwanangu, wageni wako wakiiona sandukuni wakauliza imeshonwa na nani, usije ukasema ilishonwa na mpishi."

Mwalimu alitoka mbio siku hiyo hiyo. Kutoka kwetu hadi stesheni ni mwendo wa mkokoteni nusu siku, kisha treni, na kurudi vivyo hivyo. Na mvua ikaanza, ile ya kugeuza njia uji. Mama akawa anasikiliza mlango. Kila mbwa akibweka, Mama ananiuliza, Ni yeye? Mume wangu akasema tumshonee kwa haraka yoyote, Mama akakataa, akasema ameshatoa ahadi kwa mtu na anayedaiwa sasa ni yeye. Mimi moyoni nilisema hatakuja. Mtu aliyeficha mama yake jikoni atatembea matope kwa ajili ya mama wa mwenzake? Hata niliitoa kanzu yangu ya Jumapili nikaitundika tayari, nikamwona Mama akiitazama, akafumba macho.

Alfajiri ya sikukuu akakata roho, kengele za kanisa zikilia. Mwalimu aliingia tukiwa tumebandika maji ya kumwoshea marehemu. Mkokoteni ulikuwa umekwama, akatembea. Matope magotini, viatu mkononi, na kifurushi amekifunga kifuani ndani ya koti. Akaona maji, akaelewa. Hakulia. Aliuliza tu kama amechelewa.

Nikamwambia hajachelewa, ila mwenyewe hatamsikia.

Kwetu watu wa nyumba hawaoshi maiti wao, huosha majirani. Yavdokha alikunja mikono ya nguo, na Mwalimu akaomba naye aoshe. Nikatoka nje. Siri ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini Yavdokha akijua siri, na sisi tunajua. Aliniambia baadaye kwamba Mwalimu alifunga na kufungua utepe wa shingoni mara tatu, na kwamba muda wote alikuwa akisema, nisamehe mama, nisamehe mama. Yavdokha akamuuliza ni mama yupi, naye akarudia yale yale.

Siku ya maziko wakaja watu, na watu wana macho. Wakaona mabega mekundu na meusi. Hiyo si kazi ya kwetu, wala si mkono wa Hafia, ambaye kijiji kizima kilijua ameshona nyeupe. Minong'ono ikaanza kule nyuma. Nikasikia jina langu. Nikasikia sokoni, nikasikia mkwe, nikasikia mmoja akisema ile nzuri bila shaka keshaiuza. Aibu ilinishuka mpaka miguuni. Ningeweza kuwajibu, na mdomo ninao, lakini ningesema nini juu ya jeneza la mtu? Nilimtazama Mwalimu ng'ambo ya pili ya jeneza. Angeweza kunyamaza. Wanawake walikuwa wameiona picha wakanung'unika, lakini kanzu hii ya mabega mekundu ilijulikana na mimi, mume wangu na Yavdokha tu, na Yavdokha siku hiyo, Mungu amjalie, alikuwa amefunga mdomo.

Fundi seremala akachukua kifuniko cha jeneza. Mwalimu akaweka mkono juu yake.

"Kanzu hii ni ya mama yangu," akasema, na sauti ilikuwa ile ya kufundishia, kila mtu aliisikia. "Alikuwa mfua nguo. Nilimzika na gauni la dukani kwa sababu niliona haya watu wajue mimi ni binti yake. Ya Bibi Hafia niliivaa mimi nikaiharibu. Mkwe wake hana kosa."

Hakuna aliyemwambia pole, hakuna aliyemlaani. Alibaki amesimama pale, kichwa wazi kwenye manyunyu, akitazamwa na wanawake wote aliowafundisha kusoma. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo, nimwone ameaibika. Ilipofika nikatazama viatu vyangu.

Baada ya maziko tuliketi mezani kula ngano ya kuchemsha na asali. Mwalimu alibaki karibu na mlango, penye ndoo za maji, ameshikilia koti lake kama anayetaka kwenda. Shangazi wa mume wangu, aliyetoka kijiji cha mbali akakuta kaburi limeshafukiwa, akaninong'oneza kwa sauti ya kiziwi, ambayo nyumba nzima huisikia, ni nani yule bibi wa mjini mwenye matope. Ni mgeni?

Mwalimu aliinamisha kichwa, anangoja niseme nitakalosema.

Nilisogea kwenye benchi, nikaacha nafasi upande wangu, mahali pa watu wa nyumba.

"Si mgeni," nikamjibu shangazi. "Ni binti wa marehemu." Kisha nikampa Mwalimu kijiko.