Kisigino Chekundu

Watu wa Wirrabee walikubaliana kwamba ubao wa Sefina Tuala ulivunjwa na miamba, na taya lake pia. Miamba ya kwetu ina ufundi. Ilimpiga ngumi za mdomo, ikamburuta kwa nywele hadi mchangani, kisha ikaupanda ubao wake wa kuteleza mawimbini na kuukanyagakanyaga. Wanaume wote waliokuwa majini asubuhi ile waliapa hivyo mbele ya Konstebo Pruitt, naye akaandika "miamba" akaenda zake.

Mwamba wenyewe anaitwa Scobie. Mawimbi ya pale rasini alijimilikisha mwenyewe, na kosa la Sefina lilikuwa kupanda wimbi ambalo Scobie alikuwa ameshalitolea macho.

Sefina aliniletea ubao karakanani ameukumbatia kwapani, taya limefungwa waya, maneno yanapita kwenye meno kwa taabu.

"Anti Merle, unaweza?"

"Ubao naweza. Hilo taya wameniwahi mafundi wengine."

Hakucheka, angechekaje? Akaulaza ubao mezani, nami nikauinamia. Ganda la juu lilikuwa limepasuka, na povu gumu la ndani limebonyea. Mahali pamoja palibonyea kwa usafi wa ajabu: duara la kisigino cha mtu, na ukingoni pengo, kama biskuti iliyong'atwa. Mji mzima unalijua pengo lile. Scobie alikatwa kisigino na pangaboi la boti miaka ile, akalia kama mtoto, baadaye akawaambia wageni kuwa ni papa.

Kwa kawaida jeraha la namna hii nalikwangua, nalijaza resini ya epoksi, ile gundi ya majimaji inayoganda ngumu, iliyokorogwa na rangi nzito, nyeupe au nyeusi, na mambo yanaisha. Rangi nzito ni poda ya usoni. Nilipokuwa na mume nilizitumia zote mbili, ya ubao kazini na ya uso nyumbani.

"Usifiche," Sefina akasema. "Nataka waone palipokanyagwa."

"Basi tutie rangi angavu. Ile haina siri, binti. Nuru inapita moja kwa moja. Hata unywele ukidondoka humo, utausalimia kila siku."

"Ndiyo hiyohiyo. Nyekundu."

Ganda lililopasuka nikalikata, povu sikuligusa. Rangi unaidondosha kwenye resini kabla ya kutia kigumishi, matone machache tu, unakoroga polepole usije ukaingiza viputo. Ukiwa na mkono mzito wa matone, resini haigandi sawasawa. Inabaki kunata kama peremende iliyotemwa. Nikamimina safu nyembamba, ikashika, nikamimina nyingine. Rangi angavu hukolea kwa kina. Pale kisigino kilipozama sana pakawa pekundu kama ini, kingoni pakawa kama chai ya rangi, na kwenye lile pengo, ambapo povu halikubonyezwa, pakabaki peupe.

"Mshenzi," Sefina akanong'ona. "Ni chake kabisa."

Habari za mji mdogo hazihitaji gari. Mchana wa safu ya mwisho nilikuwa nimetoka kuimimina, Sefina akitazama, na pembeni nina ndoo ya plastiki ya resini niliyokwisha kuitia kigumishi kwa ajili ya ubao mwingine, mlango ukapigwa teke. Scobie, peku kama kawaida yake.

"Merle, bibi yangu! Nasikia unachora picha za watu."

"Yako haijakauka, mpenzi. Simama hukohuko nje, una mchanga."

"Tia nyeusi."

"Mwenye ubao kataka nyekundu."

"Nimesema tia nyeusi, kizee wewe!"

Akanizaba kofi la kinyumenyume. Pua yangu ilishawahi kuvunjwa ikaelekea kushoto; yeye akairudisha katikati, na mpaka leo sijamshukuru. Nikaangukia kwenye marundo ya msasa. Sefina akamrukia na kipande cha mti chenye msasa mkali, akakipitisha usoni kwake kuanzia sikioni hadi kidevuni, na ngozi ikafuata. Scobie akanguruma, akamkamata palepale penye waya, tayani, akaminya. Sauti iliyomtoka Sefina sitaki kuisikia tena. Waya ukatoboa fizi, damu ikamtiririka kifuani.

Nikatambaa nikamng'ata Scobie shavu la mguu. Alikuwa na ladha ya chumvi na mafuta ya jua. Akanikanyaga mbavu, mmoja ukalia ko! Lakini Sefina alikuwa ameachiwa, ameanguka magotini, anatema damu.

Ndipo Scobie alipoiona ile ndoo. Akachukua kopo la rangi nyeusi, akalimwaga lote ndani, akakoroga kwa fimbo. Shida ni kwamba resini ikisharundikana ndooni na kigumishi chake hujichemsha yenyewe, na sisi tulikuwa tumeshapigana kitambo. Ilikuwa imeanza kufuka moshi. Kila fundi analijua hilo, lakini Scobie maisha yake yote alinunua mbao, hakutengeneza hata moja.

"Weka chini, Scobie! Inachemka!"

"Aa, sasa unaomba!"

Akaikumbatia, mikono yote miwili chini ya kitako cha ndoo, ili aumwagie ubao vizuri. Plastiki ikalegea. Kitako kikafunguka, na uji ule mweusi ukamshukia viganjani na mikononi hadi kwenye viwiko. Maji ya moto yangemuunguza yakaenda zao. Resini inaunguza na kubaki. Akapiga yowe, akajipangusa mapajani, viganja vikanasia kwenye kaptura na ngozi ikabaki hukohuko.

Sefina alikuwa amesimama, randa ya chuma ameiinua kwa mikono miwili juu ya kisogo cha Scobie. Nikaona kabisa itakapotua, nikaona na miaka ya jela.

"Sefina! Vumbi!"

"Nini?"

"Huyu anarusharusha vumbi, na ubao ni mbichi! Mtoe nje kwanza!"

Akautazama ubao. Akakitazama kisogo. Akaiweka randa chini, akamshika Scobie ukosi na kumburuta hadi kwenye kokoto. Nikammwagia maji ya mpira mikononi mpaka ambulansi ilipofika, kwa mazoea tu, msinisifu.

Jumamosi Sefina akausimika ubao mchangani, karibu na kibanda cha pai, jua nyuma yake. Kile kisigino kikawaka. Wenzake Scobie wakatoka majini mmojammoja.

"Hiyo nini?" akauliza Gavo, mkubwa wao baada ya Scobie.

"Mwamba," Sefina akamjibu.

Gavo akausogelea ubao. Mara akainua mguu, akaubandika kwenye doa lile jekundu. "Haya, tazameni. Si mimi. Changu kizima."

"Ngoja na mimi," akasema Lindsay. "Si mimi pia."

"Sogea basi, unajaza!"

"Acha kusukuma, bwana!"

Wakapanga foleni, wanaume wazima, kila mtu anawahi kujisafisha. Konstebo Pruitt alikuwa palepale anakula pai. Akaacha kutafuna.

"Kumbe ni kisigino?"

Walikuwa wameshasema kwa miguu yale waliyoyakataa kwa vinywa.

"Mimi sikumgusa!" Gavo akabweka. "Lindsay ndiye alimshika mikono!"

Lindsay akamtandika ngumi ya jicho. Gavo akamvamia, wakabiringika, mchanga na meno vikaruka, na mwingine akaingia kuamua akapigwa na wote wawili. Sefina akaubeba ubao akausogeza mbali nao.

Konstebo akaweka pai juu ya boneti ya gari lake, akawatenganisha kwa mateke.

"Nani alimshika mikono?"

Wakaonyeshana vidole, kila mmoja akimwonyesha jirani yake.