Mashine Iliyopishana na Wakati

Jumapili mchana, akiwa ameshiba wali wa maharage na kochi likiwa halina mtu, Sikudhani alijinyoosha na kuota kwamba mashine yake ya gemu inafungasha.

Haikuwa ile mpya. Ile mpya ilikuwa bado ndani ya boksi lake pale sebuleni, imeletwa na basi la kutoka Dar es Salaam, na Maganga, mumewe, tangu aipokee alikuwa anaipita kwa kunyata kama mtu aliyeleta mgeni wa heshima. Iliyokuwa inafungasha ni ya zamani, nyeusi, yenye ufa kwenye kifuniko. Waliinunua walipooana, na ndiyo iliyowafungulia kile chumba cha gemu hapo Ng'ambo, mjini Tabora. Alasiri hiyohiyo fundi Ndaki angekuja kuichukua, akaifungue na kutoa spea zinazofaa. Sikudhani alishakubali. Alikubali kwa mdomo, kisha akaenda kulala.

Kilichomkera ni kwamba mashine ile ilikuwa imebaki na mteja mmoja tu. Bi. Mwajabu, jirani yao mpika chapati, alikuwa akimaliza biashara anakuja na unga mikononi kucheza gemu moja ya magari, ambayo diski yake haisomeki kwenye mashine mpya. Wenzake wote waliocheza gemu ile walikimbiza magari kwenda mbele. Yeye aligeuza gari lake na kulipeleka polepole kinyume na wenzake, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ukienda sawasawa unaipa mgongo ile milima ya kwenye gemu yenye theluji. Alishika mkia kila siku, na kila siku aliondoka ameridhika. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za fundi Ndaki.

Basi katika ndoto Sikudhani anasukuma mlango wa chumba cha gemu, anaikuta mashine imekaa kwenye benchi la wateja, inakunja nyaya zake na kuzipanga ndani ya kikapu cha ukindu.

"Marahaba," mashine ilisema.

Sikudhani hakuwa amesalimia. Ili mambo yakae sawa akasema, "Shikamoo."

"Hiyo nimeshaitikia. Sogeza mguu, unakanyaga waya wangu."

Alisogeza mguu. Akauliza safari ni ya wapi.

"Kizazi kipya kimezinduliwa," mashine ilisema.

"Cha muziki?"

"Cha mashine. Kikizinduliwa kipya, sisi wa zamani tunapelekwa barabarani kupitwa na wakati. Ukishapitwa, unakwenda kwa fundi kufunguliwa. Ndiyo kanuni."

Sikudhani alitazama benchi. Ni benchi lake mwenyewe, anajua kila msumari unaochana nguo, lakini leo limekuwa refu kama la kituo cha reli, na limejaa mashine za gemu za kila umbo, kila moja na kikapu chake mapajani. Karibu na dirisha alikaa bibi mmoja, mashine ya enzi za kaseti, plastiki yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Mjukuu wangu," bibi alimwita, "nipulizie."

Sikudhani alijua la kufanya. Aliinama, akapuliza kwa nguvu kwenye tundu la kaseti. Vumbi lilitoka, likafuatiwa na kipande cha njugu. Bibi akapata mwanga machoni.

"Ahsante. Hapo sasa nakuona. Umenenepa, vizuri."

"Wewe hukupitwa na wakati, bibi?"

"Mimi nilikuwa uvunguni mwa kitanda cha mtu huko Urambo. Wakati haingii uvunguni. Leo wamefanya usafi."

Mbele ya benchi alisimama msimamizi, naye alikuwa pedi, ile ya kushika mkononi unapocheza, amevaa tai. Kitufe chake cha kushoto kilikuwa kimekwama, kwa hiyo kila alipozungumza alisogea kushoto bila kupenda, akifika ukutani anasema samahani na kuanza upya.

"Wazee wetu," alisema Pedi akisogea, "karibuni tumpokee mwali."

Vigelegele vilisikika kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Boksi likaingia lenyewe, likajifungua, na mashine mpya ikatoka, nyeupe, bado imevaa nailoni yake. Ilitafuta pa kukaa, ikajibana kando ya mashine ya Sikudhani. Nailoni ilikuwa inalia kila inapopumua.

"Mimi sijawahi kuchezwa," ilisema kwa sauti ndogo.

"Utazoea," mashine ya zamani ilijibu, ikiendelea kukunja waya.

"Watu wakishindwa wanafanyaje?"

"Wanasema pedi mbovu."

Pedi alitazama tai yake.

"Wakishinda?"

"Wanataka wote waliomo chumbani waseme wameona. Wewe huwezi kusema, lakini mwenye chumba anasema. Huyu hapa. Anasema 'nimeona' hata kama alikuwa anahesabu viazi. Ni mtu mwema."

Sikudhani alijisikia vizuri kusifiwa hivyo, kisha akakumbuka fundi Ndaki, akaacha kujisikia vizuri.

"Na umeme ukikatika?" mpya iliuliza.

"Wataguna wote kwa pamoja. Halafu wataanza kupiga hadithi. Usiogope, hapo ndipo wanapopendana."

Mashine mpya ilikuwa inataka kuuliza jingine, lakini chumba kilikuwa hakipo tena. Walikuwa kando ya barabara ya lami, jua kali, na mashine zote zimepangwa kwenye ukingo kama watu wanaosubiri msafara wa mgeni wa serikali. Kwa mbali kengele ya baiskeli ililia.

"Anakuja," alisema Pedi.

Wakati alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kofia, juu ya baiskeli ndefu. Hakuendesha kwa haraka wala kwa kuchelewa. Alipita mashine ya kwanza kwenye foleni. Ile mashine ikasema "haya," ikainuka, ikachukua kikapu, ikaelekea kwenye banda lililokuwa ng'ambo ya barabara, ambako mafundi walikuwa wanapuliza bisibisi zao zipoe. Akapita ya pili. Nayo ikasema "haya."

Sikudhani akamsogelea Pedi. "Nikimwomba asimame kidogo?"

"Wakati hasimami. Baiskeli yake haina breki."

"Nikiibeba mashine yangu nikakimbia mbele yake?"

"Wengi wamejaribu. Wanachoka, naye anawapita wakiwa wanahema. Inapendeza zaidi kupitwa ukiwa umekaa." Pedi alikuwa ameshasogea hadi kwenye mtaro. "Samahani," alisema, akatumbukia.

Sikudhani alipiga magoti mbele ya mashine yake. Aliikumbuka ikiwa juu ya stuli siku ya kwanza, chumba kitupu, Maganga na yeye wakicheza wenyewe kwa wenyewe kwa sababu mteja alikuwa hajaja hata mmoja, wakicheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

"Nilikubali upesi," alisema.

"Ulikuwa na usingizi," mashine ilisema. "Nisaidie kufunga kikapu."

Kengele ikalia karibu zaidi. Hapo ndipo gari dogo jekundu lilipotokea nyuma yao, likienda taratibu, likielekea kule Wakati alikokuwa anatoka. Bi. Mwajabu alikuwa kwenye usukani, kilemba kichwani, mikono myeupe kwa unga.

"Panda, mwanangu," alisema. "Usikae juani."

"Bi. Mwajabu, unaendesha kinyume."

"Najua ninakokwenda. Panda."

Sikudhani anaipakata mashine, anapanda. Gari linaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Mbele yao Wakati anakuja, anazidi kuwa mkubwa, kengele inalia, spoki zinang'aa. Bi. Mwajabu hapunguzi wala haongezi. Anashika upande wake, Wakati anashika wa kwake.

Walipofikiana, Wakati alivua kofia.

"Habari za mnakotoka?"

"Nzuri," alisema Bi. Mwajabu. "Za huko?"

"Njema tu."

Wakaachana. Sikudhani aligeuka nyuma, akauona mgongo wa Wakati ukienda zake, na Pedi akijikokota kutoka mtaroni na majani kwenye tai.

"Imepitwa?" Pedi alipaza sauti.

"Tumepishana," alijibu Bi. Mwajabu bila kugeuka.

Pedi alifikiri. Alifikiri akisogea kushoto, mpaka akawa mdogo kama punje. "Kanuni inasema kupitwa," sauti yake iliwafikia kwa mbali. "Kupishana haimo."

Lami ikawa nyeupe. Walikuwa wanapanda mlima, theluji huku na huku, na Sikudhani, aliyekuwa amevaa kanga na kandambili, hakusikia baridi yoyote. Kwenye kiti cha nyuma nailoni ililia.

"Tumemchukua na mwali?" aliuliza.

"Alipanda mwenyewe," alisema Bi. Mwajabu. Akaegesha gari, akashuka, akachota theluji kiganjani, akaionja. "Huu ni unga wa ngano. Namba moja." Akatandaza kilemba chake chini na kwenda mbali kidogo kuuchota mwingine, akichagua palipo safi.

Mashine mapajani mwa Sikudhani ikanyamaza ghafla katikati ya kupumua. Ilikuwa imeganda. Aliipiga kibao kidogo ubavuni, pale anapoipiga kila siku, ikazinduka.

"Ahsante," ilisema. "Unajua, miaka yote hii unaniita 'hii'. 'Washa hii. Hii imeganda tena.' Sikulalamika."

Sikudhani aliona haya. "Unaitwa nani?"

"Kalunde."

"Jina zuri."

"Ni la kawaida kwa watu wa huku."

"Na mimi naitwa nani?" iliuliza mpya kutoka nyuma.

"Wewe bado," alisema Kalunde. "Kwanza ugande mbele za watu. Wakikucheka na kesho wakarudi, hapo utapewa jina."

Mpya ilitulia, kama mtu aliyeambiwa habari njema asiyoielewa sawasawa. Sikudhani akawa anatazama milima. Ilikuwa mizuri kweli. Alifikiri kwamba angeweza kukaa pale muda mrefu, bila kufanya kitu, mashine moja mapajani na nyingine nyuma. Kisha mtu akagonga kioo cha gari, akagonga tena, na kioo kikawa meza ya sebuleni.

"Siku," Maganga alikuwa anaita. "Amka. Fundi amefika."

Fundi Ndaki alisimama mlangoni na begi lake la vifaa, tayari ameivua mashine nyaya na kuiweka kwapani. Sikudhani alikaa. Alitazama ule ufa wa kifuniko.

"Irudishe, fundi," alisema. "Haiendi."

"Tulishakubaliana," alisema Maganga.

"Tulikubaliana kwa sababu imepitwa na wakati. Haijapitwa. Walipishana."

Maganga alimtazama fundi. Fundi alitazama kalenda ukutani.

"Shemeji ametoka usingizini," fundi alisema kwa upole.

"Nimeamka kabisa. Mpya itakaa katikati, kwenye runinga kubwa, kama ulivyotaka, baba. Hii..." Alisita. "Huyu atakaa kona ya dirishani na ile runinga ndogo. Stuli moja inatosha. Kona ile tunawekea ndoo tu."

Maganga alikuwa mtu wa kubisha, lakini si wa kubisha kwa muda mrefu. Alikwenda akalifunua pazia la chumba cha gemu, akaitazama kona, akaitazama ndoo. "Hii ndoo itakwenda wapi?" aliuliza, na Sikudhani akajua yamekwisha. Fundi Ndaki alipewa chai na kiti. Alikunywa vikombe viwili, akasema kwamba mashine za aina ile zinasumbua lenzi, na kwamba siku ikisumbua wamwite, atakuja kuisafisha badala ya kuifungua.

Walipomaliza kuunganisha nyaya kwenye kona, Bi. Mwajabu aliingia kama kawaida yake, akijifuta mikono kwenye kanga. Aliliona boksi kubwa jipya, sasa limewekwa katikati ya chumba, akalizunguka bila kuliulizia. Aliiona mashine yake imehamia dirishani, akasema hapa pana upepo mzuri. Akakaa kwenye stuli, akachukua pedi, akaipiga mashine kibao kidogo ubavuni.

"Haya, Kalunde," alisema, "twende."

Sikudhani alikuwa ameshika ndoo. Aliishusha chini.

"Umeiita nani, Bi. Mwajabu?"

"Si ndilo jina lake?" Bi. Mwajabu alijibu, macho kwenye runinga, akiwa ameshaligeuza gari. "Aliniambia zamani. Wewe hukumuuliza?"